Jina Lililoitwa kwenye Ivia ya Wasya

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo amekuja yule Wangechi wa Nairobi. Anazunguka Ukambani na kamera akitafuta vivutio vya ajabu vya kuweka mtandaoni. Hataki mbuga wala hoteli, anataka vitu ambavyo watu hawavijui. Alikuwa ametoka Nzambani, kwenye lile jiwe ambalo ati mwanamke akilizunguka mara saba anageuka mwanamume. Amezunguka mara sita, akaogopa! Tumecheka mpaka machozi.

Nikampandisha Ivia ya Wasya, mwamba wetu wa sauti. Nikamwonyesha pa kusimama, ukingoni kabisa. Akaita, "Hellooo!" Ukuta wa ng'ambo ya korongo ukamrudishia neno zima, safi, kama mtu amejibu. Mara moja tu. Kisha kimya. Akashika kifua. Ati amesikia baridi mgongoni.

Halafu akauliza: story yake ni gani, Kasiva? Bila story hakuna mtu atatoka Nairobi mpaka huku ndani ya Ikutha kuangalia jiwe.

Sikuwa na story. Wazee walisema ni mwamba tu. Lakini niliona ameanza kufunga kamera. Tangu nirudi nyumbani kumtunza Mama, ni hawa wageni wawili watatu wa mwezi wananipa sababu ya kuvaa viatu. Nikasikia mdomo wangu unasema: kulikuwa na msichana. Alifuata mwana-mbuzi huku juu wakati wa mvua. Mwamba ukampenda, ukamchukua. Mama yake alimwita siku tatu. Mpaka leo ukiita jina lake, anajibu.

"Aliitwa nani?"

Ningesema lolote. Nthenya. Mueni. Lolote!

Nikasema Kalekye.


Jumapili, 3 Agosti

Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Niandike basi, hakuna anayesoma hapa. Kalekye ni dada yangu. Mdogo wangu. Novemba 1997, ile mvua ya El Niño. Yeye miaka tisa, mimi kumi na miwili. Alipanda amevaa sweta kutafuta mwana-mbuzi, mbuzi akarudi peke yake. Wanaume walitafuta siku tatu, mto umefura, ukungu kila mahali. Siku ya tatu jioni wakasema mto umembeba. Hatukuzika mtu. Hatuna kaburi.

Na Mama hajalitaja hilo jina tangu siku hiyo. Hata akiomba. Mimi husikiliza.

Nimemwandikia Wangechi: tafadhali usiweke jina. Amesoma. Hajajibu.


Jumamosi, 9 Agosti

Wangechi ameweka jina.

Leo magari manne. Saa tano asubuhi vijana wa kutoka mji wa Wote wamesimama ukingoni wanaita kwa zamu. Kalekyeee! Mwamba: Kalekyeee. Wanacheka, wanashika simu, wanaita tena. Mmoja ameita kwa sauti nyembamba ya mtoto. Nilitaka kumsukuma.

Sikumsukuma. Nilimwambia asimame mbali kidogo na ukingo, kuna utelezi.


Jumanne, 12 Agosti

Nyumba yetu iko chini ya mlima. Kwa nini sikufikiria upepo?

Mama alikuwa uani anachagua ndengu kwenye uteo. Sauti ikashuka. Ya mwanamke. Kalekyeee. Halafu ile ya mwamba.

Vidole vyake vikasimama. Akainua uso, akageuza sikio moja kama kuku. Akangoja. Kisha akaendelea kuchagua. Jiwe huku, ndengu huku.

Hakuuliza kitu. Mimi pia sikusema kitu. Nimekuwa mwoga hivi tangu lini?


Jumamosi, 16 Agosti

Basi zima la chuo fulani. Watu zaidi ya arobaini, wote wakiita pamoja kama kwaya. Mlima mzima ulikuwa unasema jina la dada yangu.

Niliposhuka saa nane nilikuta Mama amejifunga leso ya kanisa. Mekoni amepika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye ile sufuria kubwa, ya matanga.

Nikamwuliza, Mama, hii yote ni ya nani?

"Ya wale watu. Watashuka na njaa."

"Watu gani?"

"Si wale wanaomtafuta."

 Nikafikiri, ndiyo hii sasa, akili ya Mama imeanza kwenda. Nikamwuliza polepole, Mama, unajua tuko mwaka gani? Akaniangalia kama nimemtukana.

"Elfu mbili na ishirini na tano. Mimi si mjinga, Kasiva. Lakini watu wakimwita mtu, si wanamtafuta?"

Nimewapelekea wanafunzi wale muthokoi. Wamekula sana. Wamesema wenyeji wa huku ni wakarimu.


Jumapili, 17 Agosti

Nimemwambia Mama. Baada ya kanisa, tukiwa bado na viatu. Yote: Wangechi, story, jina. Kwamba watu wale hawatafuti mtu, wanajifurahisha tu. Kwamba ni mimi.

 Nilitaka anipige. Aki ningeshukuru.

"Ulisema mwamba ulimpenda."

"Ndiyo, Mama."

"Na ulisema ukimwita anajibu."

"Ndiyo."

Akainuka. Akanishika kidevu, kwa nguvu, kama nilipokuwa mtoto.

"Nani alikuambia anajibu?"

"Hakuna mtu. Nilitunga tu."

"Nani alikuambia, Kasiva?"

Nimeapa mara tatu kwamba hakuna. Ameingia chumbani akafunga mlango. Hajatoka hata kunywa chai.


Jumatano, 20 Agosti

Nimeng'oa kibao cha njiani kinachoelekeza wageni mwambani. Wageni wanakuja tu, ramani ya simu inawaleta. Nimewaambia jina ni la uongo, waite majina yao. Wanatabasamu — wanafikiri hata hiyo ni sehemu ya story.

 Mama anakaa mlangoni, uso kwa mlima. Wakiita, midomo yake inacheza. Si maombi. Nilikaribia nikasikia: anahesabu. Tangu sauti ya mtu mpaka sauti ya mwamba. Moja, mbili. Moja, mbili. Kila mara moja, mbili.


Ijumaa, 22 Agosti

Mama amesema kesho anapanda. Nimekataa. Magoti yake! Amesema basi atapanda peke yake.


Jumamosi, 23 Agosti

Naandika huku huku juu. Daftari lilikuwa kwenye mfuko, na siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Tulipanda kwa saa mbili. Anapumzika, anapanda. Juu tulikuta watatu wa Nyeri, wale wa kushuka miamba kwa kamba, wameona video ya Wangechi. Kiongozi wao ni Kanyi, mtu mzima mpole. Alikuwa anajiandaa kuita. Mama akainua mkono.

"Mwanangu, ngoja kwanza."

Kanyi akavua kofia. "Sawa, shosho."

Mama hakwenda pale ninapowasimamisha wageni. Alishuka kidogo, kando ya mwamba mdogo wenye ufa, akapapasa na mguu kama anatafuta ngazi gizani. Akasema, hapa ndipo nilisimama.

Halafu akatuambia. Miaka ishirini na nane na mimi sijawahi kulisikia hili.

Siku ya tatu aliita, "Kalekye!" Mwamba ukarudisha, Kalekye. Kisha, baada ya muda, kutoka kule kule ng'ambo, ukasema: Mwaitu.

Mwaitu. Mama, kwa Kikamba. Ndivyo mimi na Kalekye tulivyomwita.

"Mimi sikuwa nimeita mwaitu," Mama akasema. "Mwamba haurudishi neno ambalo hujasema."

Aliwaambia wanaume. Wakamwambia ni uchovu, ni ukungu, mwamba unakuchezea mama. Walikuwa wametafuta upande ule wa ng'ambo siku mbili, jiwe kwa jiwe, hakuna mtu. "Nikakubali. Nikashuka nao. Nikawapikia." Akajifuta uso na leso. "Tangu siku hiyo sijaita tena. Nilisema, kama ni mto ulimbeba, basi alikufa haraka. Nikiita tena na ajibu, nitafanya nini?"

 Wenzake wawili wa Kanyi, waliokuwa wakirekodi, waliweka simu chini.

Kanyi ndiye aliuliza, polepole sana: "Shosho, ile sauti ilitoka ng'ambo kabisa? Kwenye ukuta ule?"

"Kule."

Akaangalia ukuta. Akaangalia tuliposimama. Niliona uso wake ukibadilika kabla sijaelewa kwa nini.

"Wewe ukiita kutoka hapa, sauti yako inarudi kutoka kule. Lakini wewe hauko kule. Uko huku." Akagonga mwamba kwa mguu. "Mwenye kuita pia alikuwa huku. Upande huu."

Chini ya miguu yetu. Walitafuta ng'ambo siku mbili, na yeye alikuwa huku, chini ya miguu ya Mama.

Mama alikaa chini taratibu. Sikuweza kumshika. Sikuweza kufanya lolote.  Kanyi akafunga kamba kwenye mti, akaivuta mara tatu, akamwangalia Mama kama anaomba ruhusa. Mama akasema, "Enda."

Hiyo ni nusu saa sasa. Wenzake wanaachia kamba kidogo kidogo. Wanasema kuna mdomo wa pango mita kama kumi na tano chini, mkavu, umejificha nyuma ya vichaka, huwezi kuuona ukiwa juu. Kamba imelegea. Amefika mahali. Amesimama.

Mama amelala kifudifudi ukingoni, mimi nimemkalia kwenye miguu asiteleze. Naandika juu ya mgongo wake. Unapanda, unashuka.



Kanyi ameita. Sauti yake haikutoka chini — imetoka ng'ambo, kama alivyosema. Neno moja.

"Sweta!"

Wenzake wameangaliana. Mama hajalia. Amejivuta mbele, amekohoa, ameita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Ya rangi gani?"

Mwamba umemrudishia: ya rangi gani?

Kanyi bado hajajibu.