Kwenu Kumeshinda

Mshauri wetu wa redioni, shikamoo kama umenizidi umri, ingawa nina wasiwasi, maana nilipokuwa mdogo jua lenyewe lilikuwa bado linajifunza kuchomoza. Mimi na kalamu hatuelewani tangu utotoni, ndiyo maana nakurekodia sauti kwa simu, nimejibanza nyuma ya nyumba karibu na tangi ili wasinisikie, nisaidie, nimefika mwisho.

Mimi ni fundi bomba, na si fundi wa kubabaisha, nimezika mabomba nchi mbili, hii yetu na ya jirani, popote ukifungua maji yakatoka ujue ni mkono wangu, yasipotoka laumu serikali. Huko kwa jirani ndiko nilikompata mke wangu, nilienda kuziba bomba lililopasuka mbele ya nyumba yao nikatoka na binti yao, na tangu hapo namwita Mgeni, miaka arobaini, na miaka yote hiyo kazi yetu jioni ni ubishi tu, kwetu na kwenu. Nikisema kwenu barabara ni mashimo matupu, ananijibu, "Angalau mashimo ya kwetu yana barabara." Umeme ukikatika anapiga makofi gizani, "Kwetu wanakata kwa ratiba, mtu unajua saa ya kutafuta kibiriti, kwenu mnaviziwa kama wezi!" Nikimwambia maji ya kwenu yana chumvi mpaka sabuni inagoma kutoa povu, hapo ndipo namchoma hasa, anasimama mikono kiunoni, "Weee fundi, maji ya kwetu matamu, ulimi wako ndio una kutu!" Majirani walikuwa wanakuja na viti vyao kabisa. Kwenye hospitali tu ndipo tulipokubaliana, kwao dawa zipo daktari hayupo, kwetu daktari yupo dawa hazipo, kwa hiyo mgonjwa mwenye akili alazwe mpakani, kichwa huku miguu kule. Tulicheka sana hiyo.

Sasa mgonjwa ni yeye. Uvimbe ulianza tumboni, umesambaa, daktari akatuita pembeni mimi na mwanangu mkubwa akasema hakuna cha kukata tena, zimebaki dawa za maumivu, mpelekeni nyumbani. Nyumbani! Mdogo wake anapiga simu kila siku kutoka kule, "Shemeji, mlete dada," mwanangu anaruka, "Baba, kule hata oksijeni ni ya kubahatisha, unataka kumuua mama?" na mimi katikati kama koki iliyokufa, sifungi sifungui. Nikimpeleka akafia njiani nimemuua mimi, nikimwacha hapa atalala kwenye udongo wa watu.

Juzi nilimshika mguu, umebaki kama bomba la nusu inchi, nikamtania ili acheke, Mgeni, shukuru uko huku, ungekuwa kwenu saa hizi ungemezea dawa maji ya chumvi. Nikasubiri anitukane. Akageukia ukutani akasema, "Basi, mume wangu. Kwenu kumeshinda." Mshauri, miaka arobaini nimeutafuta ushindi huo na sasa sijui niurudishe wapi. Nifanye nini?

Fundi Bomba

*

Shikamoo mzee wangu, umenizidi, mimi na jua wote. Nilicheka mpaka wenzangu wa studio wakanigeukia, halafu ukafika kwenye huo mguu wa nusu inchi, nikairudisha rekodi yako mwanzo. Pole, baba. Pole sana. Sasa ngoja nikugombeze.

Bomba likivuja mtaa wa pili unasikia, neno la mkeo limekupita sikioni. Hakusema huku kwetu kumeshinda. Kasema kwenu. Amekupikia, amekuzalia, na mpaka leo hapo ni kwenu, nawe unamwita Mgeni, unashangaa nini? Hajakupa ushindi, mzee. Amechoka kukuomba kwa mzaha jambo analolitaka kweli.

Wewe na mwanao mnashindanisha hospitali. Yeye ameshaacha, maana hakuna yenye dawa yake, si huku si kule, na sitakudanganya kwamba atapona ili upate usingizi. Kilichobaki ni nani atamshika mkono, na akifumbua macho aone ukuta wa nani.

Ingia ndani leo. Mzaha uache mlangoni pamoja na viatu. Mwite jina lake, lile alilopewa na mama yake, umuulize, "Unataka kwenda kwenu?" kisha ufunge mdomo, najua kwako hiyo ni kazi nzito, mpaka ajibu. Akikataa, kaa naye hapo hapo, na hilo jina la Mgeni life kabla yake. Akikubali, kesho asubuhi uko kwa daktari: akwambie kama mwili utahimili safari, akupe dawa za maumivu za kutosha na karatasi ya kuvukia nazo mpakani. Tafuta gari la kumlaza, si la kumkalisha. Shemeji yako atafute nesi kabla hamjafika. Mwanao ndiye aendeshe, na mwambie nimesema mimi, mama yake anauawa na uvimbe, hauawi na safari. Na usiniambie unasubiri mwisho wa mwezi. Yeye hana mwisho wa mwezi.

Anaweza kufia njiani. Ndiyo, anaweza. Lakini atakuwa anaelekea kwao.

Mkifika, mdogo wake atakuletea maji kwenye kikombe, na mkeo atakuwa anakuangalia. Kunywa yote. Sema matamu.