Uyoga Nilioutema Mezani kwa Saida

Kwako mdogo wangu Asumini, hapo Ruponda.

Salamu nyingi. Mgongo wako vipi? Na mbaazi, mbuzi wa jirani wamezimaliza au umewafukuza? Mimi goti linapona, ila baridi ya huku Arusha inanitoa roho.

Sasa sikia uchafu ulionikuta. Jumapili mkwe wangu Saida, mke wa Hamisi, huyu anayepika hotelini, kaleta uyoga mkavu wa paketi. Kaupika kwa nazi, eti nikumbuke nyumbani. Mweusimweusi, unateleza mdomoni kama konokono. Nikameza tonge moja kwa adabu, kisha nikauliza kama tunavyoulizana kwetu, "Nani kauchuma, na jina lake nini?" Wewe unajua, aliyeuchuma ndiye anayeutaja jina na kula tonge la kwanza, sote tukimtazama.

"Aliyeuchuma yuko Ulaya, mama."

"Basi tungemsubiri aje aonje."

Watoto wakacheka. Saida naye akacheka, akasema, "Unaitwa porchini. Kwa lugha yao ni vitoto vya nguruwe, kwa jinsi ulivyonona."

Asumini! Tonge la pili lipo mdomoni. Nikalitema palepale, kwenye kitambaa cheupe cha meza. Nikasukutua mpaka fizi zikauma. Saida analia, "Mama, ni jina tu, naapa, hamna nyama humo." Najua ni uyoga, mimi si mjinga! Lakini mtu mwenye akili zake atazame chakula, akiite nguruwe, halafu akile? Mpaka sasa nikikumbuka ule utelezi, mate yananijaa.

Hamisi kaniambia nimwombe mkewe radhi. Mimi! Nikafunga nguo, nikamwambia akate tiketi ya basi, goti likaozee kwetu Nachingwea.

Asubuhi Saida kaingia chumbani, macho yamevimba, akakaa chini akalikanda goti kwa maji ya moto kama kila siku. Mkono wake, nisiseme uongo, daktari hamfikii. Nikamwambia, "Lete kile kitambaa nikifue."

"Nimeshakifua, mama."

Basi. Radhi yangu ndiyo hiyo, akitaka nyingine sina.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mama mkwe wako. Binti yako anayeuza maandazi usimsomee barua hii, ataitangaza soko zima.

Nguo nimezirudisha kabatini. Begi nimeliacha mlangoni, walione.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Somoe