Sahani Uliyonitengea

Dada yangu uliye Maskati,

Salamu zako zimefika, nami nazirudisha kwako na kwa mwanao Rukia. Zaidi ya hapo leo sina upole.

Barua yako niliipata dukani Biashara Street, nikipanga leso. Niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Ati daktari wa huko amekwambia upunguze mwili, magoti yamelemewa, na sasa wataka nikutajie "ile dawa" niliyotumia mimi, kwa kuwa miaka yapita na sijanenepa tena. Dawa, dada? Wewe ndiwe wa kuniuliza hilo?

Naona umesahau. Mimi sikusahau hata tonge moja.

Wakumbuka nilivyokuwa. Leso ikinizunguka mara moja na ncha hazikutani. Nikipanda ngazi za nyumba ya mama pale Kibokoni, nilipumzika katikati nikijitia natazama njiani. Presha ilipopanda, muuguzi wa hospitali aliniuliza tu nakula nini, nikaanza kumtajia: mahamri manne na mbaazi asubuhi, viazi vya karai saa nne, wali wa nazi mchana, usiku kiporo chake, na chai ya maziwa kila nikikaa kitako. Akaacha kuandika. "Bibi," akanambia, "anza kwa kupakua chako kwenye sahani yako. Ukimaliza, umemaliza."

Basi Ijumaa iliyofuata, tulipokutana kula kwa mama kama kawaida, nikaomba sahani. Wewe ndiye uliyesema, "Sahani ya nini? Umekuwa mgeni kwenu, au sisi twanuka?" Nikaona haya, nikarudi kwenye sinia. Tangu utotoni tumekula sinia moja sisi watatu, mikono yetu yajuana. Nikabuni langu: nikawa nachora mstari kwa kidole kwenye pilau, huu upande wangu, sivuki. Nawe wauvuka makusudi, wanisogezea minofu na viazi, wacheka, "Kula, mifupa haivai leso." Nami nacheka, minofu namsogezea mama. Nilikupenda hata ulipokuwa waniharibia.

Muujiza sikufanya. Ilikuwa hamri moja badala ya manne, na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, ambayo mwanzo niliinywa nimekunja uso. Tui la nazi nikaliwekea Ijumaa peke yake. Cha usiku nikawa nakila mapema, baada ya Magharibi tu, na jioni narudi nyumbani kwa miguu. Mwaka ulikwenda hivyo, hata leso ikaanza kukutana, kisha ikazidi.

Ndipo watu walipoanza kunong'ona. Wajua mambo ya wakati ule: mtu akikonda alikuwa na sababu moja tu, na hata jina lake halikutajwa, ilikuwa "ule ugonjwa," macho yakitazama chini. Kuna wateja walioacha kunipa mkono. Sikujali. Nilisema moyoni, nyumbani wanijua, nyumbani waniona kila Ijumaa nikichora ule mstari wangu.

Kisha Ijumaa moja ukaja na sinia, na kando yake sahani ya maua ya buluu, kijiko juu yake. "Si ulikuwa wataka sahani yako? Haya." Dada, nilifurahi. Hilo ndilo liniumalo mpaka leo. Nilikushukuru mbele ya mama, nikidhani hatimaye umenielewa. Nikamwita Rukia aje nimlishe tonge kama kawaida yetu, mtoto akaganda mlangoni. "Mama amesema nisile kwako." Nikakutazama. Ukainama, ukaendelea kula. Nilipoipeleka sahani jikoni nikakuta umeshaiandalia beseni lake peke yake, na birika la maji ya moto.

Hukuniuliza. Uliona kwa macho yako kila hamri niliyoiacha, kisha ukaamini maneno ya barazani. Na tuseme nilikuwa nao huo ugonjwa. Ndiyo nilishwe pembeni kama paka? Nani alikwambia kuwa huambukizwa kwa tonge? Wako waliokuwa wakiumwa kweli humu mjini, na sasa najua wao walikula wapi na kwa sahani gani. Nusu ya hasira hii ni kwa ajili yao.

Ulipoondoka kwenda Maskati uliniaga kwa kunipungia mkono kutoka chini ya ngazi. Ile sahani niliichukua. Ndiyo ninayopakulia chakula changu mpaka leo, na kila nikitaka kuongeza nayaona maua yale, mkono warudi wenyewe. Hiyo ndiyo dawa uliyoiulizia, na aliyenipa ni wewe.

Umesema utakuja Idi. Njoo, na Rukia mlete. Orodha ya vyakula sikutumii kwa posta, nitakupikia mwenyewe: samaki wa kuchoma, mchicha, wali kidogo usio na nazi. Nitaweka sinia moja. Nitachora mstari katikati, upande wako na upande wangu. Kisha nitakaa na mkono wangu nimeukunja, sitagusa kitu, mpaka uuvuke mstari huo, ule tonge la upande wangu.

Ni mimi mdogo wako, mzima tangu siku ile ya sahani.