Mikorosho ya Babu Yako Siiuzi kwa Ajili ya Mashujaa Wasiokufa

Mjukuu wangu Hamisi, mume wangu uliyenikimbia,

Salamu baadaye, kwanza nikugombeze. Juzi umenipigia simu kutoka Dar es Salaam, unataka niuze mikorosho ya babu yako hapa Makote ili ufungue ukumbi wa sinema Newala mjini, uonyeshe wale mashujaa wako wanaopaa na chupi juu ya suruali. Nilikata simu kabla sijakutukana. Sasa naandika taratibu, matusi yakufikie yakiwa kamili.

Unalikumbuka banda lako la video nyuma ya soko? Mimi nilikaanga mihogo mlangoni, kwa hiyo usinifundishe habari za wateja. Mwanzoni walijaa hadi ukutani. Shujaa wako alipokufa, Mama Zainabu alilia mpaka kanga ikalowa. Picha iliyofuata, jamaa kafufuka! Mama Zainabu akatoka nje, akaniuliza, "Bibi, kumbe nilimlilia mtu aliyesinzia?" Akanunua mihogo yake, akaenda zake, hakurudi tena. Shujaa alipokufa mara ya pili nilichungulia ndani: hakuna aliyelia, wanatafuna tu. Nikajua banda limekwisha. Wewe ukaagiza picha nyingine ya mtu yuleyule.

Leo unaniambia, "Bibi, jina kubwa halifi, watengenezaji wameshapanga picha za miaka ijayo." Wamepanga! Hata mchawi hupanga. Si wewe uliyeniambia kwamba sasa wanawarudisha waigizaji wazee waliokwisha kustaafu, wavae nguo zilezile? Mpishi akianza kupasha ukoko wa juzi, ujue unga umemwishia. Watapata pesa leo na kesho, sikatai, wajinga hawaishi kwa siku moja. Lakini wewe usiwe wa mwisho kuingia kwenye nyumba ambayo wenyewe wanatafuta mlango wa kutokea.

Unakumbuka lipiko, lile la ngoma ya kinyago, lilivyotoka siku kaka yako alipotoka jandoni? Kile kinyago kilipokugeukia na njuga zinalia, uliingia ndani ya kanga yangu ukanikojolea. Watu walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Tandahimba kuja kuliona. Kwa nini? Kwa sababu lilitoka kwa msimu wake, likacheza, likaondoka, na sisi wanawake hatuulizi ni nani yumo ndani. Lingekuwa linapita hapa kila Ijumaa, linatueleza lilizaliwaje na lilimpenda nani, halafu binamu yake naye anakuja na kinyago chake, hata kuku wasingelikimbia. Jambo hilo ulilijua ukiwa na mkojo miguuni. Umeenda mjini ukalisahau. Aibu!

Basi, siuzi. Mikorosho hii ndiyo iliyokununulia mashine ya kuonyeshea picha, na ndiyo iliyokulisha banda lilipokufa. Nalo, kama umeona, halikufufuka.

Hapa tunaokota. Mgongo unaniuma na nyumba imepoa, sina hata wa kumgombeza. Ukija, njoo na mikono, mipango iache hukohuko. Lile shuka lako jeupe la ukutani, walimokuwa wakipaa mashujaa, sasa naanikia korosho. Lina madoa, huwezi tena kuonyeshea kitu. Lakini kila asubuhi linajaa.

Mkeo mzee asiyeachika,
Bibi yako wa Makote