Nisimame Nje na Bango, au Niingie Nikamsikilize Binti Yangu?

Bi. Enid mpendwa,

Nakuandikia kuomba msaada ingawa kusema kweli msaada siuhitaji, ninachohitaji ni mtu mwenye safu gazetini aseme kwamba niko sahihi, maana hapa Hull watu wote wamegoma kusema hivyo na mke wangu Glenys ndiye aliyeniambia, "Mwandikie Bi. Enid, mimi masikio yamechoka," basi ndiyo hii. Shule niliiacha mapema nikaenda kupakua samaki bandarini kwa hiyo mwandiko utausamehe, lakini masikio yangu hayakuacha shule, masikio yangu ni maprofesa.

Kama wewe ni mtu wa hapa unaijua bendi ya Saruji Mbichi, na kama huijui basi pole sana, hukuwahi kuwa kijana. Walikuwa wanne, wakipiga muziki mkavu, wa baridi, wenye hasira, wakati wenzao mjini wanapuliza nywele dawa zisimame. Shoo yao ya kwanza ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa na mimi nilikuwepo, tulikuwa wachache kuliko viti, leo kila mzee mwenye upara anakuambia naye alikuwepo, wangekuwepo wote hao kanisa lingepasuka. Mimi nilisimama kushoto mbele ya spika ya besi na tangu siku hiyo kila shoo nasimama hapo hapo, sikio la kushoto halisikii tena na sijutii, lilikufa vitani.

Kwa ajili ya kulinda heshima ya bendi hiyo tulianzisha Walinzi wa Saruji, tunakutana kila Alhamisi kwenye baa ya Chewa Mwekundu, mwenyekiti ni mimi, nilijipendekeza mwenyewe na hakuna aliyepinga. Kanuni yetu kuu niliitunga mimi, kwamba bendi isiyo na angalau watu wawili wa mwanzo jukwaani siyo bendi, ni burudani ya harusi. Sasa mpiga gitaa na mpiga ngoma walishaondoka zamani, akabaki mwimbaji na Roy Mapplebeck wa besi, na Roy naye vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi amestaafu, amebaki mwimbaji peke yake na vijana wa kukodi, na bado wanajiita Saruji Mbichi na Jumamosi hii wanapiga hapa hapa nyumbani. Saruji gani hiyo, huo ni mchanga na maji. Nikachonga bango la mbao nikaandika kwa rangi ya boti HII SIYO SARUJI, nikatangaza baani kwamba nitasimama nalo mlangoni niwaaibishe wanaoingia.

Kama hiyo haitoshi wametoa upya santuri yao ya kwanza, Ukuta wa Nyuma, eti sauti imesafishwa, imo ndani ya boksi kama la viatu, na kitabu cha picha, na santuri yenyewe ina rangi ya haradali. Desmond Harker, katibu wetu, akainunua bila haya na akaileta baani kutuonyesha.

"Sikiliza kwanza, Nev," akasema. "Unasikia mpaka vidole vikigusa nyuzi."

"Nani kakuambia tunataka kusikia vidole? Wamekwangua ukungu wote. Na wimbo wa tatu, 'Zamu ya Asubuhi', wameuua kabisa, wameuondoa ule mruko."

"Mruko gani?"

Bi. Enid, huyo ni katibu. Hajui mruko wa "Zamu ya Asubuhi". Baada ya ubeti wa pili besi inajikwaa, inameza pigo moja, halafu inaendelea kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi akajifanya hakukosa, na hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote katika muziki wa nchi hii. Mimi ninayo santuri ya toleo la kwanza, naipiga kila Jumapili tangu binti yangu Leanne anatambaa, na iko safi kama siku ilipotoka dukani, paka wa Glenys aliwahi kuirukia ikiwa inazunguka lakini niliikagua kwa tochi, hata alama haikupata. Wenyewe bendi kwenye shoo walikuwa wanausahau huo mruko, ikabidi niwe nawapigia kelele pale mbele ili wajirekebishe, na Roy alikuwa ananitazama kwa heshima kubwa.

Sasa Alhamisi iliyopita Desmond akaja na simu yake, akasema amepewa kitu na mtu wa bendi, akaiweka mezani akaniambia, "Haya profesa, tuambie huyu nani." Ilikuwa besi peke yake, inapiga "Zamu ya Asubuhi". Nikafumba macho. Sikulia, mtu wa meza ya pili alikuwa amezidisha siki kwenye chipsi zake. Nikasimama nikawaambia wote, "Jamani, huyo ni Roy. Roy wa ujanani, hiyo ni kanda iliyopotea, na mruko upo! Mmeusikia? Hakuna mtu chini ya jua mwenye mkono huo." Nikaapa kwa marehemu mama yangu.

Desmond akanywa bia yake taratibu, mchawi yule. "Umemaliza kuapa?"

"Nimemaliza."

"Huyo ni Leanne wako. Karekodi juzi juzi nyumbani kwa Roy. Roy ndiye anayemfundisha, na gitaa la besi kampa lake mwenyewe. Jumamosi anayepiga ni yeye."

Baa nzima ilicheka, mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi ili asikose. Nikawaeleza kitaalamu kwamba kama gitaa ni la Roy basi anayesikika ni Roy, kwa hiyo sikukosea, wakacheka zaidi, watu wasio na elimu. Na Desmond hakuishia hapo, akasema, "Roy mwenyewe alishangaa pale panaporuka. Kasema hajui Leanne kapatoa wapi, lakini ni pazuri, pasiguswe, na sasa bendi nzima inaruka naye." Unaona, Bi. Enid, yaani mtu kazeeka mpaka kausahau wimbo wake mwenyewe.

Nikaenda kwa Leanne. Kumbe yale mazoezi ya kuogelea aliyokuwa akituambia anakwenda yote yalikuwa besi.

"Ungeniambia, mwanangu," nikasema.

"Nikuambie, Baba, unisomee kanuni?" Halafu akalainika, akasema, "Jina lako liko kwenye orodha ya wageni mlangoni, wewe na Mama. Na ile sehemu yako ya kushoto nimewaambia waiache wazi."

Nikamwambia kwamba namshukuru lakini mwenyekiti ana msimamo, Walinzi wote wanajua, na bango limeshakauka. Kumbe alikuwa ameshaliona kwenye banda la bustani. Akaniambia, "Basi chagua. Ukisimama nje na hilo bango Jumamosi, Jumapili usije kwangu kula. Wala Jumapili inayofuata." Akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningefurahi, kubamiza kunajibika.

Sasa swali langu ni hili. Nikiingia, Desmond atanicheka mpaka kaburini na atasimama juu ya kaburi aendelee. Nikibaki nje, nina mtoto mmoja tu, na nyama yake ya Jumapili na zile nyanya zake za kukaanga sijui nitazipata wapi, Glenys hajui kuzipika namna ile na usimwambie nimesema. Glenys ameshapiga pasi nguo ya kwendea. Naomba uandike kwamba kanuni ni kanuni, au kama huwezi basi unitafutie njia ya kuingia ambayo mimi sijakosea.

Wako,
Neville Blenkin
Mwenyekiti, Walinzi wa Saruji, Hull

*

Bwana Neville,

Umeniagiza nikutafutie njia ambayo wewe hujakosea. Nimeitafuta. Nimeinua hata matakia ya kochi. Haipo.

Pole kwanza, na hii pole ni ya kweli. Kukipenda kitu tangu ujanani na kukiona kinapungua mtu mmoja mmoja si jambo dogo, na mzee aliyechekwa na baa nzima hadi mpishi anastahili kushikwa mkono. Nimekushika. Sasa nauachia, maana nauhitaji kuandikia.

Bendi naijua. Mimi pia nilikuwa kwenye ule ukumbi wa kanisa, nyuma karibu na birika la chai, na upara sina, kwa hiyo niongeze kwenye hesabu yako ya waongo ukipenda. Nakumbuka kulikuwa na kijana mmoja kushoto akimfokea mpiga besi aongeze sauti. Nilidhani amelewa. Kumbe alikuwa mwenyekiti mtarajiwa.

Barua yako ilinipandisha darini. Ninayo Ukuta wa Nyuma, toleo la kwanza kama lako. Nikaipangusa, nikapiga "Zamu ya Asubuhi", nikausubiri mruko wako baada ya ubeti wa pili. Haikuruka. Nikarudisha sindano. Haikuruka. Nikampigia kaka yangu aliyeko Beverley, ambaye naye anayo. Akaipiga nikisikiliza kwenye simu, ikapita pale laini kama siagi. Toleo jipya halikuondoa kitu, Bwana Neville, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuondoa. Yule paka alitua na kucha zake.

Nyani haoni kundule, na wewe husikii mkwaruzo wako. Miaka yote hiyo umekuwa ukiwafokea wenye wimbo kwamba wameukosea wimbo wao. Hiyo uliyoiona machoni mwa Roy Mapplebeck haikuwa heshima. Alikuwa anatafuta walinzi wa mlangoni.

Usikunje gazeti bado. Endelea kusoma, maana sasa ndipo profesa wako aliyebaki hai, yule wa sikio la kulia, anapopata shahada yake.

Mruko ule uko kwenye santuri moja tu duniani, na santuri hiyo iko sebuleni kwako. Fikiri, mzee. Ni nani aliyetambaa mbele yake kila Jumapili? Roy hajui Leanne kapatoa wapi, na wewe pia hujui, ingawa unakaa na jibu nyumba moja. Mkono huo haukuibwa na kijana wa kukodi. Wimbo aliupiga kama alivyousikia kwa baba yake, na kosa lake, na paka wake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku ile baani hukumtambua Roy hata kidogo. Ulisikia nyumba yako. Ukasimama mbele ya wote ukaapa kwamba hakuna mwingine chini ya jua mwenye mkono huo, na kwa mara ya kwanza tangu bendi ianze, ulikuwa sahihi. Marehemu mama yako apumzike, kiapo ni halali.

Na wewe unataka kwenda kusimama nje kwenye upepo wa bandarini na kipande cha mbao, ukimwambia mtoto huyo kwamba yeye siyo saruji.

Kanuni yako uliitunga peke yako kwenye baa. Inaweza kufa peke yake kwenye baa hiyo hiyo, Alhamisi, na hakuna atakayetoa rambirambi. Ukitaka kuilinda bendi, usiilinde kama mtu anayelinda kiti kwenye basi. Roy ambaye ndiye mwenye besi aliitoa kwa mikono yake mwenyewe. Wewe umechangia mkwaruzo tu, na bado unataka kuwa mkali kuliko yeye.

Kwa hiyo utafanya hivi. Jumamosi vaa shati ambalo Glenys atakuchagulia. Ingia kwa mlango wa mbele, taja jina lako kwa sauti ili Desmond asikie hadi alipo. Akicheka, mwache acheke, kwa ulivyomdharau na ile santuri yake ya haradali amestahili. Nenda kasimame mahali pako kushoto, ila safari hii geuka kidogo umpe binti yako sikio zima. Wimbo wa tatu ukifika pale panaporuka, usimfokee mtu, usinyooshe kidole, usimwelezee jirani yako historia. Mtaruka wote, ukumbi mzima, na wewe tu ndiye utakayejua wamejikwaa kwenye zulia la nani.

Jumapili nenda mapema. Beba lile bango, mbao inaonekana nzuri, na beba msumeno. Likate liwe rafu, liweke ukutani kwa Leanne, upande uliopakwa rangi utazame ukuta. Santuri ya kwanza kuwekwa juu yake iwe ile yako, hata kama kuiachia kutakuuma. Usihutubie. Kaa, kula nyama yako na nyanya zako, useme ahsante.

Habari ya paka mwachie Glenys aisimulie. Paka alikuwa wake, na nina hakika amekuwa akiisubiri nafasi hiyo tangu ile siku ya tochi.

Bi. Enid