Maji Niliyomwagia Gari la Kulwa

Baba Kulwa,

Mwangaluka. Mguu wako wa kushoto je, bado unakuuma ukikanyaga klachi? Mama yako anakula? Pamba ya kule bondeni umeshaipalilia au mvua imekukatili? Mimi ni mhola duhu, mzima tu. Mifupa ndiyo inalalamika, lakini inalalamika imevaa soksi tatu.

Nakuandikia kwa mkono wangu, na hili darasa langu la nne, kwa sababu wewe ukipokea simu unaweka sauti ya nje na Nkoma nzima inakuja kusikiliza. Hili ninalotaka kukwambia ulijue wewe kwanza. Barua anakuja nayo binti mmoja wa Maswa anayesoma huku, atamwachia Doto pale Bariadi. Usisome umesimama, kaa. Na usiogope, mwisho wake ni mzuri.

Unajua mtoto wa Kulwa alizaliwa kabla ya miezi yake, wakamweka hospitali kwenye kile kisanduku cha joto. Hospitali iko mbali, mbali kuliko kutoka hapo kwetu mpaka Bariadi, na njia yote ni mashamba ya ngano yaliyofunikwa na theluji, nyeupe tu, hata kunguru humwoni. Daktari alisema mtoto anyonye kwa mama yake mwenyewe kila asubuhi, akipata uzito ndiyo atoke. Mkwe wetu yuko kazini migodini huko kaskazini, anarudi mwisho wa mwezi. Basi na huku hakuna bodaboda, Baba Kulwa. Gari la Kulwa ndiyo miguu yetu. Gari likikataa, mtoto hanyonyi kwa mama.

Sasa sikia nilichofanya.

Unajua pale nyumbani mtu hanywi uji kabla pikapu haijanywa maji. Miaka kumi na minane nimeibebea kidumu ile pikapu yako, nafungua boneti, namwagia, ndipo naweka sufuria jikoni. Nimefika huku naona Kulwa anatoka mbio, chai ameshika mkononi, gari halitazami kabisa. Moyo ukaniuma. Nikasema huyu mtoto amechoka, ana kidonda cha uzazi, mume hayupo, nani atamsaidia? Siku moja ya alhamisi, baridi imepungua kidogo, yeye amelala mchana, nikavaa makoti yote nikatoka kumsaidia.

Nikafungua rejeta. Baba Kulwa, maji yake yalikuwa kijani! Kijani kama lambo la ng'ombe mwezi wa tisa. Nikasema jamani, mwanangu anaendesha na uchafu huu? Nikalala chini kwenye theluji kama unavyolalaga wewe, nikakitafuta kile kikoki cha chini nikakifungua, nikayakinga kwenye beseni, nikaenda kuyamwaga nyuma ya banda. Nikajaza maji safi ya bombani. Nikanawa mikono, nikapika ugali, roho yangu nyeupe kabisa. Sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe gari linavyokwenda vizuri, halafu niseme ni mimi.

Ijumaa likaenda. Jumamosi likaenda. Nikawa natembea nimeinua shingo.

Jumamosi jioni ndiyo ikaja baridi yenyewe. Sina la kuifananisha. Ukitoka nje pua inashikana ndani, na chozi linaganda kwenye kope kabla hujajua unalia. Asubuhi Kulwa akaingia garini, akapiga stata. Likaguna kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Akapiga tena. Mara ya tatu likashika, lakini ndani yake mkanda ukalia, ukalia kama nguruwe anayekamatwa. Akazima.

Jirani yetu akasikia akaja. Anaitwa Mzee Walta, mkulima wa ngano, mjane, ana ndevu mpaka kifuani na zilikuwa zimeganda. Akasema ni betri, akaleta nyaya zake za kurushia moto. Kulwa ananitafsiria huku anatazama saa. Maziwa yalikuwa yameshaloanisha nguo yake kwa mbele, maana saa ya mtoto ilikuwa imefika.

Mzee akamwonyesha mkono: haya, washa.

Baba Kulwa, hapo mimi nilijua. Sijui nilijuaje. Niliitazama ndoo niliyoisahau barazani, maji yake yamekuwa jiwe na ndoo imepasuka ubavuni. Nikajiona mimi na beseni langu. Nikasema nikinyamaza wataona ni betri, gari likifa limekufa lenyewe, nitabaki bibi mzuri. Halafu nikamfikiria yule mtoto kwenye kisanduku anageuza mdomo kutafuta ziwa.

Nikamshika Kulwa mkono kwenye ufunguo. "Usiwashe."

"Mayu, nimechelewa!"

"Usiwashe nimekwambia! Mle ndani mna maji. Nimetia mimi."

"Maji gani?"

"Maji ya bombani. Yale ya kijani nimeyamwaga."

Akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Mayu! Ungeniuliza!"

"Nikuulize nini, na mimi nimemwagia pikapu ya baba yako tangu hujaenda shule?"

"Kwa baba hakuna barafu!"

"Ndiyo nimeona sasa!"

Mzee Walta haelewi kitu, anageuza kichwa, mara kwangu mara kwa Kulwa. Nikamvuta mkono wa koti mpaka nyuma ya banda. Nikachimba theluji kwa mwiko wangu wa ugali, nilikuwa nao mkononi tangu ndani, nikamwonyesha theluji ya kijani pale nilipomwaga. Akachuchumaa. Akatazama ile kijani, akatazama mwiko, akanitazama mimi, akacheka mpaka barafu ya ndevu ikadondoka. Kisha akaacha kucheka, akarudi kwenye gari mbio akatoa ufunguo akautia mfukoni mwake.

Kulwa akanitafsiria baadaye. Ile kijani ni dawa, inazuia maji yasigande. Maji matupu yakiganda yanavimba, yanaweza kuipasua injini kama ile ndoo. Na ukilazimisha kuwasha ikiwa na barafu tumboni ndiyo unaimaliza. Mzee alisema tungewasha mara moja zaidi huenda tungeagana na injini. "Mwambie mama yako," akasema, "kwao wanamwagia gari lisichemke. Huku tunamwagia lisigande." Halafu akaniamuru nisiiache ile kijani pale, ni sumu, mbwa wanaipenda kwa utamu wake. Nikaizoa yote na theluji yake kwenye ndoo ya mfuniko, akaichukua.

Alitupeleka hospitali kwa pikapu yake. Njiani Kulwa akawa anatazama saa tu. Mimi nikatazama ngano ambayo haionekani. Tulipokaribia mji akasema, hajageuka, "Na mimi jana sikuchomeka waya."

"Waya upi?"

Kumbe gari la huku lina waya mbele kwenye pua, unaning'inia kama kamba ya ndama. Jioni unauchomeka kwenye umeme, unapasha injini joto mpaka asubuhi. Jumamosi alirudi amechoka akasahau.

"Basi tumeliua wote wawili," nikamwambia.

"Halijafa, Mayu. Linaumwa." Akacheka, na mimi nikacheka, na mzee akacheka bila kujua tunacheka nini. Mtoto alinyonya amechelewa kidogo, lakini alinyonya kwa hasira kama wewe ukichelewa kupewa chakula.

Gari walilivuta wakaliingiza kwenye banda la trekta la Mzee Walta, mle ana jiko la kuni. Hakulimwagia maji ya moto, alisema litapasuka, akaliacha liyeyuke polepole lenyewe. Mimi nilikaa nalo siku nzima kwenye kiti, kama unavyokaa na ng'ombe anayezaa. Kila tone likidondoka naruka na tochi kutazama kama limevuja. Nilisali, Baba Kulwa, nilisali mpaka Mzee akaniletea supu. Jioni akatazama kila upande, akapitisha kidole chini ya injini, akanionyesha kidole. Kikavu. Halikupasuka. Akatoa maji yangu yote akatia dawa ya kijani, na kikoki akanipa nikifunge mimi. Nilimshukuru kwa kwetu, wabeja, akarudia "wabeja, wabeja," na sasa ndivyo anavyonisalimia.

Tangu siku hiyo waya ni kazi yangu. Kulwa amenikabidhi mwenyewe, mbele ya mumewe kwenye simu. Kila jioni nalifunga gari kwa kamba yake, nahakikisha, narudi tena nahakikisha.

Na asubuhi ile daktari alipotuita tukamchukue mtoto, baridi ilikuwa kali kuliko ile ya jumapili. Nilikataza mtu yeyote asinywe uji kabla sijalitazama gari. Nikatoka, nikagusa boneti kwa kiganja, nikasikia uvuguvugu kama tumbo la ng'ombe. Kulwa akapiga stata mara moja tu. Mara moja! Mjukuu wako amerudi kwenye gari hilo hilo, nimempakata kwa macho maana huku mtoto anafungwa kwenye kiti chake, hashikwi. Mwite Kabula, aliyezaliwa wakati wa mvua. Kulwa amekubali. Theluji nayo ni mvua, imekauka tu.

Msalimie mama yako, na Doto, mwambie pacha wake amenenepa. Wasalimie akina mama wa kwaya na yule jirani aliyeazima chungu changu, akirudishe. Hii habari ya kikoki waambie ukipenda, sioni aibu tena.

Lakini nina neno moja linaninyima raha. Tangu niondoke, nani anaimwagia pikapu? Usije ukaniambia unakunywa uji kwanza. Jioni ng'ombe wakiwa wanaingia zizini kwako, huku ndiyo asubuhi, mimi niko nje na soksi zangu tatu nachomoa waya. Unikumbuke saa hiyo. Na asubuhi yako uchukue kidumu, ile ya kwako inywe. La huku limeshakunywa.

Ni mimi, mama wa watoto wako,
Mama Kulwa