Mgonjwa wa Kigoma

Jumatatu, 5 Mei
Uji umepoa tena. Mke wangu Mariamu ameuondoa. Pazia halifunguliwi, kwa sababu mimi niko Kigoma. Ndivyo mtaa wetu wote wa Buyenzi unavyojua: nimekwenda kumuuguza baba mdogo. Niliomba mwenyewe waambiwe hivyo. Fundi wa magari anayelia kitandani, nani atamletea injini yake? Hata Zuhura, binti yetu, tumemfundisha kusema hivyo shuleni. Baba mdogo alishafariki zamani. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 8 Mei
Siku ya mwanasaikolojia. Tumetoka kabla ya alfajiri kama wezi, kofia mpaka puani, tukangoja kwenye ngazi mpaka wafungue. Nilimwambia Madamu Consolate nilichomwambia Mariamu: heri nilale nisiamke. Hakushtuka. Aliuliza nani yuko nami nyumbani. Mke wangu, nikasema. Haniachi peke yangu hata kidogo, hata bafuni anasimama nje ya mlango. Nimemfanya askari wa zamu.
Nimepewa kazi: kila alasiri nitembee nje kidogo. Nje! Na niko Kigoma! Hilo sikumwambia. Namdanganya hata anayenitibu.

Ijumaa, 9 Mei
Rajabu, mwenzangu wa garaji, amekuja baada ya swala. Nilijificha nyuma ya kabati. Mtu mzima, na ndevu zangu. Nikamsikia akimwambia Mariamu kwamba msikitini wamemwombea baba mdogo apone. Imamu mwenyewe aliongoza dua. Watu wazima wakaitikia amina, marehemu apate nafuu.
Alileta na sahani ya wali kutoka kwa mkewe. Sikuugusa. Alipoondoka, Mariamu akanigeukia:
— Mi nimechoka kudanganya watu, Baba Zuhura. We unajificha, mi ndo naonekana.
Kweli tupu. Nimeugua mimi, uongo anaubeba yeye.

Jumapili, 11 Mei
Vilevile. Sikuoga.

Alhamisi, 15 Mei
Nimemwambia Madamu yote, Kigoma na wali. Nilingoja kukemewa. Akacheka, akaomba radhi, nami nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho. Kisha akauliza naogopa nini hasa Rajabu akijua. Ataacha kuniheshimu, nikasema. Akauliza: je, angeugua yeye hivi, mimi ningeacha? Nimerudi nyumbani na hasira zangu.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekwenda garaji. Mchana kweupe, bila kofia. Mariamu alinifuata kwa mbali, akasimama kwenye kona.
Rajabu alikuwa chini ya gari, nikazungumza na miguu yake. Labda ndiyo maana niliweza. Sikusafiri. Baba mdogo ni marehemu. Mgonjwa ni mimi, na ugonjwa wenyewe ni huzuni, ilifika mahali nikatamani kufa. Miguu ikatulia. Akatoka, uso mzima oili, akanifokea mbele ya watu wote.
— Mugonjwa iko hapa avenyu ya nyuma, na mi sikumutembelea! We umenifanya mutu gani?
Habari ya uongo hakuigusa kabisa. Nilidhani kosa langu ni maneno. Kumbe nilimfungia rafiki yangu mlango, nikamnyima haki ya kuja kukaa na mgonjwa wake. Sijawahi kuona aibu kama hii. Akanipa kigoda. Nilikaa mpaka wakafunga.

Jumanne, 20 Mei
Rajabu amekuja, kama jana. Haniulizi najisikiaje. Analalamikia foleni ya mafuta, kisha anasinzia kwenye kiti. Akikoroma, najisikia nafuu. Akiondoka, hatia inarudi. Nimemwomba Zuhura msamaha. Akauliza kama sasa anaweza kusema kweli shuleni. Nikasema ndiyo, nikaingia chumbani kulia.

Jumamosi, 24 Mei
Asubuhi kitanda kilinishinda. Nimeamka saa nne. Madamu alishasema siku kama hizi zitakuwepo, na tutaendelea kuonana.
Mchana Mariamu alivaa kitenge kizuri. Mama yake anakaa Ruziba, hajamwona tangu nianze kuugua. Zuhura alikuwa tayari nje. Mariamu alisimama mlangoni, akaniangalia usoni, muda mrefu.
— Niende?
Nilijichunguza kwanza. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia aende.
Wameondoka. Nyumba kimya. Niko peke yangu, nimefua mashuka, sasa naandika. Jioni watarudi, nami nitakuwepo.